P ya Papa

Doha,
Ijumaa, siku ya mapumziko huku

Mpendwa Papa,

Chamgei. Najua utajibu kuwa mko salama kabisa hata kama goti limekulaza kitandani, maana kwetu salamu haina jibu lingine. Kwa hiyo nakuuliza tena kwa Kiswahili ili usipate pa kujificha: goti linaendeleaje? Na kikohozi cha Mama kiliisha, au bado anakohoa akienda kuchuma asubuhi majani yakiwa na umande? Nimesikia mvua ya mawe ilipiga chai yetu ile ya upande wa juu. Pole sana. Najua itachukua wiki nyingi kabla michai haijatoa majani ya kupeleka kituoni. Mimi mwili wangu ni mzima. Joto limeanza kupungua kidogo, ingawa bado ukiacha kijiko juani saa sita mchana huwezi kukishika.

Utashangaa kupata karatasi wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Papa, simu imenishinda. Mnaiweka mezani sauti ikiwa juu, kila mtu anasikia, na ndugu yangu Kibet yuko hapo kwenye kiti chake. Mara tatu nimepiga nikiwa nimejiandaa kusema neno moja, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za ng'ombe. Langat, yule mwenzangu wa kutoka Mulot, anakuja likizo. Nimempa barua hii aifikishe mkononi mwako, asiiache kwa duka la mtu.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka Nyambura aweze kuisoma mwenyewe. Yeye ni mke wa Kibet, na Kikipsigis chake bado ni cha kuomba chumvi na kufukuza kuku. Soma wewe kwanza, peke yako, mpaka mwisho. Barua hii ni juu ya macho ya ndugu yangu. Habari mliyoambiwa kuhusu siku ile si ya kweli, na mimi nimeijua kweli yenyewe kwa miezi minne nikanyamaza.

Nianze na kazi yetu, maana sikuwahi kukueleza vizuri. Siku uliyonisindikiza ulimwambia jirani kwamba naenda Uarabuni kuuza baridi, na watu wakacheka kwa kuwa huko Silibwet baridi ni ya bure na mtu anavaa koti mpaka saa nne. Lakini wewe uliangalia feni za kukaushia majani kiwandani miaka yote ile, kwa hiyo nikikueleza utanielewa kuliko wengine. AC ina kioo kidogo. Ikiwa nzima kioo kinaonyesha joto la chumba. Ikiugua, namba ile inatoweka na mahali pake inatokea herufi moja na tarakimu moja, kwa mfano F1 au E6. Sisi tunaziita kodi, si ile ya serikali. Mashine inakuambia yenyewe mahali inapoumwa, na kwa hilo imewazidi watu wengi wa nyumbani kwetu.

Shida ni kwamba kila aina ya mashine ina lugha yake, kwa hiyo kuna kitabu. Halafu kodi haitaji ugonjwa, inataja panapouma tu. F1 kwenye mashine zetu ni kipima joto, na fundi mgeni atabadilisha kipima joto mara mbili kabla hajagundua kuwa panya alitafuna waya. Ndiyo maana tunafundishwa kuiandika kodi kabla ya kugusa chochote, kwa sababu ukizima umeme inafutika, kisha kuangalia vitu vya kawaida: kichujio kimejaa vumbi, feni imekwama, mtu alisahau kufungua valvu. Na kuna jambo moja la kujua kuliko yote. Zipo kodi ambazo unaweza kuzifuta ukaiwasha mashine tena bila wasiwasi, na zipo ambazo ukizifuta unamuumiza mtu.

Kitabu hicho hukaa kwenye meza ya simu, ndani, penye kivuli. Fundi aliye juu ya paa anapiga simu, anasoma kodi, na mtu wa mezani anafungua kitabu na kumwambia la kufanya. Mwaka jana walinichagua mimi kukaa mezani. Nilikupigia siku ile ile kukuambia, na ukasema Mungu amekumbuka nyumba yetu. Sikukueleza kwa nini walinichagua. Walisema ni kwa sababu ulimi wangu ni safi.

Papa, wewe unajua jinsi tulivyo. Kwetu b na p ni ndugu waliolala kitanda kimoja. Tunakuita Papa na maana yetu ni Baba, na hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo. Nyambura alipoolewa alicheka wiki nzima akisikia anaitwa Nyampura. Sisi nasi tukamcheka kwa sababu yeye kalamu huiita karamu, na Mama akamuuliza kama shuleni kwao walikuwa wanaandika kwa pilau. Ulikuwa utani mzuri. Lakini mimi nilipofika kidato cha kwanza nilichekwa na utani ule haukuwa mzuri, nikajifunza kwa nguvu kutenganisha herufi zile mpaka ulimi ukanyooka. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kurekebisha wengine. Kibet nimemrekebisha tangu utotoni, mbele ya wageni, mbele ya wakwe zake, hata siku ya harusi yake alipokuwa akitoa shukrani. Yeye alikuwa akitabasamu tu na kurudia neno kama nilivyomwambia.

Nilipomleta huku niliendelea hivyo hivyo. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi. Nakuambia ukweli huo kwa sababu sikuwahi kuusema. Mimi nilikuwa najua kitabu, lakini yeye alikuwa akiweka mkono kwenye bomba, anakaa kimya kidogo, kisha anasema mashine inaumwa wapi kabla hajaangalia kioo. Kipaji hicho alikitoa kwako.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Kibet alipelekwa kwenye jumba moja la makazi ambako mafundi wengine walikuwa wametengeneza mashine kubwa ya juu ya paa jana yake, na sasa ilikuwa imezima tena. Akanipigia. Kulikuwa na upepo na kelele za mashine nyingine huko juu. Aliongea Kiswahili kama tulivyozoea sisi wawili. Alisema, "Koech, hii inasoma P4. P ya Papa."

Katika mashine za aina ile zipo kodi mbili zinazokaribiana. b4 maana yake ni kwamba bodi ya ndani na bodi ya nje zimeacha kuongea. Hiyo haina hatari. Unazima umeme dakika tano, unawasha, na ikikataa unashikilia kitufe kimoja cha kuilazimisha izunguke ili uipime. Kitufe hicho kinaiambia mashine isahau ulinzi wake kwa muda. P4 ni jambo lingine kabisa. P4 ni presha ya gesi imepanda kupita kiasi. Kitabu kinasema kwa herufi nyekundu usiiwashe, tafuta kwanza kilichoziba, na usikaribie kitufe kile hata kwa bahati mbaya.

Mimi nilisikia "Papa", na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshamrekebisha kichwani. Nilijiambia, huyu anataka kusema baba, ulimi umemteleza kama kawaida. B ya baba. Nikafungua ukurasa wa b4 nikamsomea: zima, ngoja, washa, shikilia kitufe.

Halafu akasema, "Lakini Koech, paipu iko moto sana. Uko sure?"

Nikamwambia, "Kibet, mwenye kitabu ni mimi. Fanya vile nimesema."

Akafanya. Aliyetengeneza jana yake alikuwa ameacha valvu moja imefungwa, gesi haikuwa na pa kupita. Kibet alikuwa amevaa miwani ya kujikinga kama inavyotakiwa. Mashine ilipoanza kuzunguka aliipandisha miwani kwenye paji la uso, kwa sababu ilikuwa na ukungu wa jasho naye alitaka kukisoma kioo tena. Aliniambia hivyo mwenyewe hospitalini. Alitaka kuhakikisha kwa mara nyingine ni kodi gani ameona, kwa kuwa nilichomwambia hakikulingana na alichokishika kwa mkono. Wakati huo ndipo kiungo cha bomba kikapasuka, na gesi na mafuta ya moto vikampiga usoni.

Yaliyofuata mnayajua. Jicho la kulia halikuokolewa, na la kushoto limebaki na mwanga tu bila umbo. Nilikaa naye kila jioni nikitoka kazini, nikamlisha. Siku moja akaomba chai ya nyumbani, na nilipomletea ya huku alionja akasema hii imechumwa na mtu asiyependa watu. Tukacheka wote wawili. Sijui alipata wapi moyo wa kuchekesha.

Wakati wa uchunguzi mhandisi wetu mkuu, mzee mpole wa Kihindi, aliniuliza Kibet alitaja kodi gani. Nikasema b4. Papa, siku ile sikudanganya. Naapa niliamini ndicho nilichosikia. Kisha wakaenda kumuuliza Kibet akiwa na bandeji usoni, na wakamwambia ndugu yake mwenyewe amesema alitaja b. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema kama Koech amesikia hivyo basi huenda nilisema hivyo, sisi ulimi wetu uko namna ile. Wakaandika kwenye ripoti kuwa fundi aliyekuwa juu alitamka kodi vibaya. Mimi nikatia sahihi yangu chini. Akarudi nyumbani na karatasi hiyo.

Siku mliyompokea mimi nilikuwa kwenye simu ya Nyambura, nikisikiliza. Nilisikia maombi, nikasikia wazee wa kanisa wakisalimia, na vikombe. Kisha nikasikia sauti yako. Jirani mmoja aliuliza ilikuwaje, ukasema, "Ni ulimi wake tu. Huyu tangu shule alikuwa haangalii anachosema." Najua hukusema kwa ubaya. Ulikuwa na uchungu, na uchungu hutafuta mtu wa kumbebesha. Lakini watu zaidi ya ishirini walikuwa pale, na Kibet alikuwa amekaa katikati yao, na hakuna aliyesema kitu. Nami kwenye simu sikusema kitu. Wakati ule bado niliamini kama mlivyoamini ninyi.

Wiki tatu baadaye mhandisi akaniambia niwafundishe mafundi wapya jinsi ya kupokea simu. Simu zote za mezani hurekodiwa, ila ile hakuna aliyeifungua kwa kuwa sisi wawili tulikubaliana. Nikaambiwa nichague chache nzuri na chache mbaya za kuwasikilizisha. Nilipofika tarehe ile nilitaka kuiruka, lakini mkono ulibonyeza. Nikasikia upepo, nikasikia Kibet. Papa, alisema vizuri. Alisema P, akasema Papa, kila herufi mahali pake, safi kama mtangazaji wa redio. Nilirudia mara nyingi nikitafuta b ndani yake, na haipo.

Na kuna kibaya zaidi, ambacho nakuomba ukisome polepole. Kwa kuwa huku tuko mataifa mengi na kila mtu ana ulimi wake, kampuni hutulazimisha kutaja herufi kwa maneno yale wanayotumia marubani wa ndege, ili pasiwe na kuchanganya. A ni Alfa. B ni Bravo. P ni Papa. Ndiyo, Papa, neno hilo hilo. Ulimwenguni kote rubani akitaka kusema P husema Papa. Kibet hakuwa ameteleza. Alikuwa akifuata sheria kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Orodha hiyo ilikuwa ukutani mbele ya macho yangu, niliibandika kwa mikono yangu. Hata Mwarabu, ambaye lugha yake haina p, angesikia P kwa sababu ya orodha ile. Mhindi angesikia P. Nyambura angesikia P. Katika kampuni nzima mtu pekee ambaye angeweza kusikia baba ndani ya neno lile ni mtu wa nyumbani kwetu, na aliyekuwa mezani alikuwa mtu wa nyumbani kwetu. Nami nilikuwa na hakika kwamba ndugu yangu hawezi kutamka sawa, kwa hiyo sikuhitaji kumsikiliza.

Ningekuwa mwanaume kweli ningekupigia siku ile ile. Sikupiga. Nilijiambia nangoja apone kwanza. Halafu nilijiambia nangoja msimu wa kupanda uishe, usije ukavuruga kazi. Halafu nilijiambia hata nikisema macho hayatarudi, maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo methali nimeitumia vibaya kuliko mtu yeyote aliyewahi kuitumia. Niliogopa kuondolewa mezani, ni kweli, lakini hilo lilikuwa dogo. Nilichoogopa sana ni wewe kujua. Wewe ulikuwa ukiwaambia watu kwamba una kijana mmoja anayesikia na mmoja asiyesikia, na mimi nilitaka kubaki yule anayesikia.

Kilichonivunja ni Nyambura. Hakunilaumu, hajui kitu. Alinitumia ujumbe wa sauti wiki mbili zilizopita akiuliza kama kuna daktari wa kichwa ninayeweza kumuuliza, kwa sababu Kibet ameanza jambo asilolielewa. Alisema kila siku baada ya kukamua Kibet hubaki kwenye zizi, anadhani yuko peke yake na ng'ombe, na anasema herufi. Pa. Ba. Pa. Ba. Anaweka kiganja mbele ya mdomo kupima pumzi. Halafu anasema P4, b4, na kuanza tena upya. Nyambura alisema, "Shemeji, anajifunza kuongea kama mtoto. Ukimuuliza anasema anataka kujua alikosea wapi."

Papa, ndugu yangu amepoteza macho yake kwa sababu yangu, na sasa anakaa gizani akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Ataendelea kulitafuta mpaka lini? Mashine ikiwa na kodi isiyo yake unaweza kubadilisha kila kitu ndani yake na haitapona, kwa sababu haumwi hapo. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia Kibet. Mimi nilimwandikia kodi isiyo yake, na wewe ukaisoma kwa sauti mbele ya watu.

Nisamehe kwa kusema hivyo. Sikuandika ili nigawane lawama nawe. Wewe uliambiwa uongo na ukauamini kwa kuwa ulitoka kwangu.

Jumatatu iliyopita nilienda ofisini kwa mhandisi nikamwomba afungue rekodi ile. Aliisikiliza mara moja tu. Akavua miwani, akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisema kukosea kusikia kunaweza kumpata yeyote, lakini miezi minne ile ni yangu mwenyewe. Ripoti imeandikwa upya. Jina la Kibet limeondolewa mahali pa kosa na langu limewekwa. Nakala yake iko ndani ya bahasha hii, imepigwa mhuri, umwonyeshe na mchungaji. Mimi nimeondolewa mezani. Sasa naosha vichujio pamoja na wale waliofika juzi, na sijui kama mkataba wangu utaongezwa. Nimeona afadhali hivyo. Mikono ikiwa na kazi kichwa kinapunguza maneno.

Sasa ombi langu, na ni moja. Sitaki umwite Kibet kando umnong'oneze. Yale maneno ya siku ile yalisemwa mbele ya watu, na kwetu neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi chumbani. Waite wale wale. Wazee wa kanisa, jirani aliyeuliza, wakwe kutoka mjini Bomet. Mama atengeneze chai, na kama kuna maziwa ya mursik kwenye kibuyu yatolewe. Kibet akae katikati kama alivyokaa siku ile. Halafu mpe Nyambura barua hii aisome yote kwa sauti, tangu salamu, asiruke hata pale nilipomtania yeye. Mtu akitaka kunilaani alaani, na usimzuie. Mama akilia mwache alie. Wewe ukiwa na neno kwa Kibet baada ya hapo, mwambie mbele yao. Sikupangii la kusema, wewe ni baba yetu, lakini najua unalijua.

Sijaomba msamaha wake bado. Nimejaribu kuandika hapa na kila nilichoandika nimekifuta. Msamaha nitauomba nikiwa nimesimama mbele yake, na akiukataa nitakuwa nimeusikia kwa masikio yangu. Wakinirudisha nitakuja mapema. Wakiniacha nitakuja likizo itakapofika. Ukiona nisije nyumbani kwanza mpaka hasira ishuke, nitumie neno kupitia Langat, nami nitatii.

Nisalimie Mama sana, mwambie nakula, na sweta aliyonifumia ninaivaa ndani ya vyumba vya mashine ambako kuna baridi ya kweli. Msalimie shangazi wa Soin aliyetulea tulipokuwa wadogo, umwambie nakumbuka viboko vyake vyote na vilikuwa vichache mno. Msalimie Chebet, dada yetu mdogo, afanye bidii na mtihani wake. Msalimie mchungaji, na jirani yetu wa mpakani, na umwambie matawi ya mkaratusi wake yanaweza kuingia kwetu kadiri yanavyotaka, sitagombana naye tena. Wewe Nyambura, nakushukuru kwa kusoma. Najua sauti yako imechoka. Ulinitunzia ndugu yangu wakati mimi nilikuwa nimejificha, na siwezi kukulipa. Nakuomba usome hayo yaliyobaki polepole, ukiwa umegeukia upande wake.

Kibet, ni mimi Koech.

Acha kujipima pumzi. Mdomo wako hauna kosa. Nimesikiliza siku ile zaidi ya mara mia, na ulisoma sawa, ukatamka sawa, hata ulipouliza kama nina uhakika uliuliza sawa. Hukukosea mahali popote. Ulisema, na mimi sikukusikia.

Ndugu yako,
Wesley Kipkoech